Linphone kwa maongezi ya wakili na mteja: uzoefu wangu hapa Moshi

Mimi ni wakili wa kujitegemea, ofisi yangu iko Moshi mjini, na sehemu kubwa ya mashauri ninayoshika ni ya ardhi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu kule Kibosho au Rombo, ndugu sita, mmoja yuko Dar, mwingine Ujerumani, wa tatu ndiye anayekaa palepale na ameshapanda migomba mipya. Mashauri ya namna hii yanaongelewa zaidi kwenye simu kuliko mbele ya hakimu. Mteja anapiga saa tatu usiku: wakili, tukubali kugawana? Tushuke mpaka wapi? Tuanze na shahidi yupi? Majibu ya maswali hayo yakimfikia ndugu wa upande wa pili kabla ya wakati wake, nakuwa sina tena cha kujadiliana naye. Sheria ya Ushahidi inayalinda maongezi ya wakili na mteja yasitolewe mahakamani, lakini haiwezi kumziba mtu masikio.

Ndiyo maana nikaanza kutumia programu ya simu iitwayo Linphone, na kwa kuwa mawakili wenzangu wamekuwa wakiniuliza ni kitu gani hicho, naandika hapa nilichokiona, kizuri na kinachochosha.

Kwanza niondoe dhana moja. Wateja wangu wengi wanaamini simu ya kawaida ni salama kwa sababu laini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Usajili unaonyesha mwenye laini ni nani, haufungi sauti. Unapopiga simu ya kawaida, sauti yako inasimbwa, yaani inageuzwa fumbo lisiloeleweka bila ufunguo, kati ya simu na mnara tu. Ikishaingia kwenye mitambo inafunguliwa, inasafiri hivyo ndani ya mtandao, halafu inafungwa tena mnara wa upande wa pili. Na hicho kipande cha hewani chenyewe, simu yako ikishuka kwenye 2G kama inavyotokea ukipanda vijiji vya juu, kinaweza kutegemea usimbaji wa zamani uitwao A5/1, ambao mbinu ya kuuvunja ilishawekwa hadharani tangu 2009. Isitoshe, kwenye 2G simu hujitambulisha kwa mtandao lakini mtandao haujitambulishi kwa simu, kwa hiyo mwenye mtambo wa kujifanya mnara anaweza kukunasa bila wewe kujua. 3G na zilizofuata ziliziba tundu hilo.

Linphone ni programu ya bure ya kupiga simu kwa intaneti, kwa SIP, mfumo wa ujumbe unaoanzisha na kukata simu za intaneti. Inatengenezwa na kampuni ya Belledonne Communications ya Grenoble, Ufaransa, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Inakaa kwenye Android, iPhone na kompyuta. Akaunti unaweza kufungua kwenye seva yao bila kulipa chochote, au ukasimamisha seva yako. Mimi nilichukua ya bure. Kusakinisha hakuna cha kusimulia.

Pa kutulia ni kwenye mipangilio, sehemu ya usimbaji wa sauti. Utakuta mbinu zinazoitwa SRTP, ZRTP na DTLS, na ukichagua kwa kukisia utajidanganya. SRTP ndiyo inayoisimba sauti yenyewe, hilo halina ubishi. Swali ni ufunguo wake unamfikiaje mtu wa pili. Ukichagua SRTP peke yake, ufunguo unasafiri ndani ya ujumbe wa SIP unaoanzisha simu, na ujumbe huo unapita kwenye seva. Anayeimiliki seva, akitaka, anauona. ZRTP inakwenda njia nyingine. Inasubiri mpokeaji aitikie, kisha simu mbili zenyewe kwa zenyewe, kwenye njia ileile ya sauti, zinapatana ufunguo kwa hesabu ya Diffie-Hellman iliyochapishwa 1976, ambayo inawafikisha watu wawili kwenye siri moja hata kama dunia nzima inawasikiliza wakipatana. Ufunguo wenyewe hautumwi popote, na mkikata simu unafutwa. Mbunifu wake mkuu ni Phil Zimmermann, yuleyule wa PGP, programu ya kusimba barua pepe, ya 1991. ZRTP ikachapishwa mwaka 2011 kama RFC 6189, moja ya nyaraka za kanuni za intaneti. Kwa masikio yako utagundua tu kwamba sekunde ya kwanza au mbili baada ya "haloo" alama ya kufuli, inayoonyesha simu imesimbwa, haijatokea kwenye skrini. Mimi humaliza salamu kwanza. Kwa Mchagga mtu mzima salamu zinatosha kabisa kusubiria kufuli.

Sasa, kufuli kutokea hakumaanishi kwamba mambo yamekwisha. Diffie-Hellman inakuhakikishia mmepatana siri na mtu fulani, haikuhakikishii mtu huyo ni nani. Akijipenyeza mmoja katikati, atapatana ufunguo wake na wewe, atapatana mwingine na mteja wako, na nyote wawili mtaona kufuli nzuri huku yeye anasikiliza. Dawa ya ZRTP kwa tatizo hili ndiyo iliyonifanya niipende: herufi nne. Simu zote mbili zinakokotoa herufi hizo kutokana na ufunguo, kisha skrini inakuambia wewe tamka mbili hizi, na mwenzako atamke mbili zile. Zikilingana pande zote, mnaongea. Mtu akiwa katikati, funguo ni mbili tofauti, na herufi hazitalingana isipokuwa kwa bahati ya moja katika milioni na ushee. Na akibahatisha vibaya, tayari mmeshamjua.

Karatasini ni kitu safi sana. Kwenye simu na mama wa miaka sabini aliyeko Machame, kuna kazi. Orodha ya herufi za ZRTP imeondoa zinazochanganya macho: hakuna sifuri, hakuna 2, hakuna L wala V. Lakini E, I na A zimebaki, na sisi tunazisoma kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, nisomee hizo mbili za kwako."

"Naona i na k."

"I ya ini au ya embe?"

"Ya embe, mwanangu. Wewe si ndiyo umesoma?"

Yaani ameisoma E kama alivyofundishwa kwenye kipindi cha Kiingereza, na mimi kwenye skrini yangu naona E, nikadhani ametaja I. Ningekuwa na haraka ningekata simu nikidhani tumeingiliwa. Tukaweka utaratibu: kila herufi inatajwa na kitu chake. E ya embe, I ya ini, A ya asali, B ya bata, P ya paka, M ya mama, N ya nanasi. X haina kitu cha Kiswahili, tumekubaliana ni "kosa la mwalimu", na mpaka leo hakuna mteja aliyenielewa vibaya hapo.

Habari njema ni kwamba zoezi hili si la kila simu. Mkishathibitisha mara ya kwanza, simu zote mbili zinahifadhi siri ndogo, na simu inayofuata inaichanganya ndani ya ufunguo mpya. Mtu asiyekuwa na ile siri ya awali hawezi kujipenyeza baadaye bila kugundulika. Kwa hiyo mteja mpya simruhusu aondoke ofisini kabla hatujapigiana tukiwa tumekaa meza moja, kila mtu na simu yake mkononi. Hapo hata sauti hainipi shaka, jambo lenye maana siku hizi ambapo kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu.

Lakini ile siri inakaa kwenye simu, si kwenye akaunti, na watu wetu na simu unawajua. Imedondoka, imeuzwa, amepewa binti anayekwenda chuo, imepelekwa kwa fundi. Programu ikifutwa na kuwekwa upya, herufi zinarudi kama mwanzo. Kanuni yangu ni kwamba herufi zikirudi zenyewe, nauliza kwanza: umebadilisha simu? Mzee mmoja aliniapia hajabadilisha, simu ni ileile, kava ni lilelile. Nikamwambia basi leo tutaongelea mvua tu. Kesho yake ikajulikana mjukuu wake aliipeleka stendi ikaflashiwa kwa sababu alikuwa amesahau patani. Mzee alikasirika, si kwangu. Kwa maoni yangu, usumbufu huo ndio unaonipa imani na mfumo huu: simu ilikuwa kweli imebadilika, na programu ikasema.

Tukija kwenye WhatsApp, maana najua swali linakuja. Ndiyo, WhatsApp nayo inasimba mwisho hadi mwisho, yaani kutoka simu yako mpaka simu ya mwenzako, ilikamilisha hilo kwa watumiaji wake wote Aprili 2016 kwa kutumia itifaki, yaani kanuni za usimbaji, ya Signal, programu nyingine ya mawasiliano ya siri, na itifaki hiyo ni nzuri. Uthibitisho wake ni namba yenye tarakimu 60 au picha ya msimbo wa kuskani. Mkiwa pamoja mnaskani, imekwisha. Mkiwa mbali, sijawahi kukutana na mteja hata mmoja aliyenisomea tarakimu 60, na mimi mwenyewe nisingekuwa na subira ya kuzisikiliza. Herufi nne za kutamka kwa sauti unayoifahamu zinasomwa, na ulinzi unaotumika kweli naupa alama zaidi. Signal yenyewe naitumia kwa nyaraka na ujumbe, sina neno juu yake.

Bando si tatizo. Sauti ikienda kwa Opus, mbinu ya kuibana sauti iwe ndogo, kwenye kilobiti 32 kwa sekunde, ukijumlisha kwenda na kurudi, dakika moja haifikii megabaiti moja. Nikikumbuka kwamba mwaka 1943 Marekani na Uingereza ziliunganisha Washington na London kwa SIGSALY, mtambo wa kusimba maongezi ya simu wenye uzito wa zaidi ya tani 50 kwa kila upande, uliotegemea santuri za kelele zilizokuwa zinaharibiwa zikishatumika, naona aibu kulalamikia bando.

Kinachosumbua ni simu kutolia. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi nyuma ili kuokoa chaji, kwa hiyo unampigia mteja, simu iko mfukoni mwake, haijui kitu. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu programu isizimwe. Kwenye baadhi ya simu hata hiyo haitoshi, na sisi tumerudi kwenye desturi yetu ya kubipu: nambipu kwa laini ya kawaida, anafungua Linphone, napiga. Mtandao ukiwa dhaifu sauti inakatakata, hasa jioni, na hapo hakuna mipangilio inayosaidia zaidi ya kutafuta mahali penye mtandao.

Wenzangu wajue pia isichoficha. Seva inajua nani kampigia nani na saa ngapi, na ile bipu yangu nayo inaacha alama kwa kampuni ya simu. Simu yenyewe ikiwa na programu ya kipelelezi ndani, sauti inachukuliwa kabla haijasimbwa, na ZRTP haina la kufanya. Na kuna adui mmoja ambaye Zimmermann hakumwandikia chochote: spika ya nje. Nilikuwa naongea na mteja, herufi zimelingana, kufuli ipo, ninamweleza kiwango chetu cha mwisho cha maridhiano, nikasikia nyuma sauti ya mtu wa tatu ikisema, "Hapo wakili amesema kweli." Alikuwa kilabuni, simu iko mezani katikati ya vibuyu vya mbege, na kilabu kizima kinanisikiliza mimi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza baada ya herufi ni: uko wapi, na umeishika sikioni?

Kwa mteja wa nje ya nchi, au kijana mwenye simu janja yake peke yake, naipendekeza bila kusita. Kwa familia inayotumia simu moja watu wanne, usijisumbue, siri yako itakuwa ya wanne. Na kwa mzee mwenye kitochi hakuna cha kusimba kabisa. Huyo tunapanga siku anayokuja mjini kwa shughuli zake, anapita ofisini, tunafunga mlango.

Mkiamua kuiweka, kuna kitufe kimoja msiache kukiwasha: kile kinachofanya usimbaji uwe wa lazima. Bila hicho, ukimpigia mtu ambaye upande wake haujawekwa ZRTP, simu inaendelea wazi kama kawaida, na tofauti pekee ni kufuli ambayo haipo kwenye kona ya skrini. Kikiwashwa, simu hiyo haiunganishwi. Mteja atalalamika kwamba programu ni mbovu. Mwelekezeni aweke ZRTP, mpige tena.