TAHADHARI: Muuza taa za bluu za pikipiki wa Makoroboi, Mwanza, na "kibali" chake cha laminesheni

Ndugu zangu, nimepigwa. Naandika mikono bado inatetemeka kwa hasira. Ninyi wa kijiweni Igoma mlionicheka tangu jana, chekeni mmalize halafu msome, maana nawajua watatu kati yenu mlioshamwulizia huyo jamaa bei.

Jina lake silitaji. Shemeji kasema nikilitaja kibao kinaweza kugeuka nikashitakiwa mimi. Ila mtamtambua: hana duka, ana meza chini ya mwavuli na begi kubwa jeusi la magurudumu, na ana mdomo wa asali.

Kabla hamjasema "tamaa", pikipiki yangu ya Boxer mnaijua. Ukiachia mafuta taa inafifia kama kibatari. Saa 10 alfajiri niko njiani kwenda Mwaloni Kirumba kufuata dagaa, na barabara ya Nyerere saa hizo ina mbwa, ina watu wanaovuka bila kutazama, ina malori ya kutoka Musoma yanayokuja kama yanafukuzwa. Baada ya lile tukio la Mabatini, ambalo sina haja ya kulirudia, mama watoto aliniambia taa kwanza, mengine baadaye. Kwa hiyo sikwenda kutafuta urembo. Nilikwenda kutafuta mwanga.

Ilikuwa Jumanne, saa 8 mchana, jua kali. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akanitazama usoni akasema, "Mwadila, ng'wanawane." Hapo hapo moyo ukalainika. Mtu akikuamkua kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, katikati ya mji, unamwona ndugu. Akanipa ndoo nikae. Akanunua maji, akanipa na mimi. Nani tapeli anakununulia maji?

Akasema, "Acha nisikusimulie, nikuonyeshe." Akashusha turubai pande zote mpaka pakawa giza kama darini. Kwenye meza alikuwa na balbu ya kawaida ya Boxer imeungwa kwenye betri. Akaiwasha. Njano, hafifu, inasikitisha. Kisha akawasha ya kwake. Jamani! Ukuta wote ukageuka bluu, mpaka nikafumba macho. Akabonyeza kitu, pembeni mwa taa pakawaka duara jekundu kama jicho la fisi. Akaniambia, "Hii ni nguvu 8000. Yako wewe haifiki hata 4000." Akanionyesha boksi: 8000K, imeandikwa. Wati 120, imeandikwa. Na herufi DOT, akasema hiyo maana yake imepasishwa na serikali ya Marekani.

Ile betri ya balbu ya njano ilikuwa mbovu. Najua leo. Siku ile sikuuliza hata kwa nini kila taa ilikuwa na betri yake.

Sasa nikauliza swali ambalo nilidhani ni la mtu mwenye akili. Nikasema, kaka, na trafiki je? Si watanikamata na bluu hii? Akatabasamu kama aliyekuwa analisubiri. Akafungua zipu ya ndani ya begi, akatoa karatasi ngumu ya laminesheni yenye ngao ya taifa, mhuri, sahihi, na maneno KIBALI CHA TAA MAALUMU. "Hii ndiyo inayowashinda wengine," akasema. "Wanafunga taa bila kibali, wanakamatwa. Mimi kwangu hata trafiki wenyewe wanafunga." Taa 85,000, kibali 20,000. Nikaomba apunguze, akapunguza taa mpaka 80,000, kibali akasema hawezi, "ile ni hela ya serikali, siyo yangu."

Hela ya serikali! Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikamwuliza, akasema ni la mke wake. Nikabonyeza namba ya siri.

Akafunga mwenyewe, robo saa tu. Balbu yangu ya zamani akaitia kwenye begi, "nakutunzia."

Siku mbili nilitamba. Picha mliziona.

Ijumaa nikaenda stendi ya Buzuruga kumpokea mama mkwe anatoka Magu. Saa 1 jioni, giza linaingia, kimvua cha manyunyu. Nimemketisha kiubavu, begi lake katikati yetu kwa heshima. Na hapa ndipo nilipoanza kuona kuna kitu hakiko sawa, kwa sababu lami ikiwa imelowa ile bluu ilipotea kabisa. Nilikuwa naona manyunyu tu yanang'aa mbele ya uso wangu, barabara siioni. Lori lililokuja likanipigia fulu, na mimi nikabonyeza dimu, likanipigia tena. Dimu yenyewe ilikuwa inampiga dereva machoni. Nikabanwa mpaka ukingoni mwa mtaro. Mama mkwe akataja jina la Yesu mara mbili.

Mita mia mbili mbele, mkono wa trafiki. Nikasimama bila wasiwasi, eti! Nikamwambia mama, "Usijali mama, hili nina karatasi yake." Nikachomoa kibali kifuani kama mtu anayetoa pasi ya kusafiria. Afande akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akamulika kwa simu. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akasoma, kisha akanisomea kwa sauti: "Ofisi ya Usalama Barabalani." Kwa L. Mimi Msukuma mwenyewe nilikuwa nimeisoma mara kumi, sikuiona.

Akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio uliouma, "Kijana, kibali cha chombo, namba ya pikipiki iko wapi humu?" Haikuwapo. Wala jina langu. Wala tarehe. Akaniambia hakuna kibali cha namna hiyo, hakijawahi kuwapo. Taa ya mbele ni nyeupe, au ile ya njano, basi. Nyekundu inakaa nyuma, ili mtu ajue chombo kinakwenda, hakiji. Bluu waachie wenye ving'ora. Nikaandikiwa kosa, 10,000, akasema nishukuru, zamani pikipiki nayo ilikuwa 30,000. Kibali akabaki nacho, akaniambia kughushi mhuri wa serikali ni jinai na nikimwona huyo mtu nimpeleke kituoni. Mama mkwe hakusema neno mpaka nyumbani. Alipofika alimwambia binti yake, "Mume wako ni mtu mwema." Mnaelewa maana yake.

Jumamosi nikarudi Makoroboi. Meza hakuna, mwavuli hakuna. Majirani wanasema huwa anakaa siku tatu nne, anahama. Mwingine alimwona Mlango Mmoja, mwingine anasema kavuka daraja la Busisi kwenda Sengerema. Na mji huu, jamani, Makoroboi yenyewe imepewa jina kwa sababu ya wazee waliokuwa wanatengeneza koroboi kwa makopo, taa za kweli, za jasho. Leo mtu anakuja kuuza giza mahali pale pale.

Huyu asionywe. Afungwe. Akalale Butimba, na alfajiri moja apakizwe Boxer yenye taa yake aendeshe mwenyewe mpaka Kisesa mvua ikinyesha. Na aliyemchapishia vile vibali akae nyuma kama abiria.

Fundi wangu wa Igoma ameipima kwa mita. Wati 120 kwenye umeme wa volti 12 maana yake ampea 10, waya za Boxer zingeyeyuka siku hiyo hiyo. Hii inakula ampea 1 na kidogo, yaani wati kama 14, wakati balbu ya kawaida ni 35. Hiyo 8000K siyo nguvu, ni rangi. Namba ikipanda taa inakwenda kwenye bluu, macho yanaona vibaya zaidi mvua ikinyesha. Na bakuli la taa limetengenezwa kwa ajili ya uzi wa balbu uliokaa mahali pake. Ukichomeka vijitaa vya LED, mwanga unatawanyika, unapanda kwenye macho ya watu badala ya kushuka barabarani. DOT nayo mdogo wangu amenifungulia kwenye simu: kiwanda kinajichapishia chenyewe, serikali ya Marekani haipitishi taa moja moja, na sheria yao namba 108 inataka taa ya mbele iwe nyeupe. Kumbe hata kwao ningekamatwa.

Hana risiti ya mashine. Lipa namba haina jina lake. Boksi halina alama ya TBS, Shirika la Viwango. Haya yote niliyaona kwa macho yangu na nikayaruka. Anayeuza bandia anaripotiwa FCC pia, ile Tume ya Ushindani, nimeambiwa, nitakwenda Jumatatu na boksi.

Nimerudisha balbu ya kawaida, fundi akanisafishia na bakuli, akabana waya wa ardhi uliokuwa umelegea. Sasa inawaka vizuri kuliko siku zote. Tatizo lilikuwa ule waya.

Mwenye kuliona begi jeusi la magurudumu, Nyegezi, Buhongwa, popote, anipigie hata saa 8 usiku. Usimwambie kitu. Mwambie tu unataka ya bluu, akushushie turubai, nami nitakuwa njiani.