Mboga za chumvi kwenye bustani ya ufukweni: uzoefu wangu

Bustani yangu iko hatua chache tu kutoka baharini, na upepo wa chumvi umeniulia nyanya misimu miwili mfululizo. Majani yanaungua pembeni, halafu mche mzima unajikunja. Ndipo nikaagiza kifurushi cha mboga zinazostahimili chumvi: vipandikizi 12 vya mboga ya pwani (Sesuvium portulacastrum) na pakiti ya mbegu za salikonia, mmea wa pwani wenye vishina vinene vinavyoliwa.

Vipandikizi vilifika vimesinyaa kidogo, ila majani yake ni manene na yana akiba ya maji, kwa hiyo sikushtuka. Nilivilaza mchangani, juani kabisa, nikafukia vifundo viwili viwili, maana mizizi hutokea hapo hapo kwenye kifundo. Wiki ya pili nikajaribu kuvuta kimoja, kikagoma. Sasa vimetambaa tuta zima, na vimaua vya waridi vyenye umbo la nyota vimechungulia.

Kilichoniudhi ni karatasi ya maelezo. Eti salikonia imwagiliwe maji ya bahari tangu siku ya kupanda! Nikatii. Siku 20 zikapita, hakuna kilichochipua. Mbegu zilizobaki nikazinyunyiza juu ya mchanga bila kuzifukia, nikamwagilia maji matamu, zikaota. Salikonia iliyokwisha kukua huihifadhi chumvi ndani ya seli zake, lakini mbegu ikizungukwa na chumvi nyingi hupata taabu hata kufyonza maji. Aliyeandika ile karatasi sidhani kama aliwahi kuotesha hata moja.

Jikoni, chuma ncha changa tu. Salikonia ikikomaa huwa na kijiti kigumu katikati. Unabaki kukivuta kwa meno kama mwiba wa samaki. Mara ya kwanza nilitia chumvi sufuriani kwa mazoea. Hakikulika. Siku hizi naichemsha dakika mbili tatu bila chumvi, namwaga maji. Mboga ya pwani ni vivyo hivyo, na maji yale huondoka na chumvi kiasi pamoja na oksaleti, kemikali ya mimea inayochangia mawe ya figo. Hata hivyo, mwenye presha au mawe ya figo asijipakulie sahani nzima.

Kifurushi nakipa nyota 3 kati ya 5, na zote ni za vipandikizi. Kununua vingine sina haja: shina moja nikilikata napata vinne.