Uzoefu wangu na Find My nikiwa upande wa aliyeokota simu

Wanaoisifu au kuilaumu Find My, huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea, huwa ni watu waliopoteza simu zao. Mimi naizungumzia nikiwa upande wa pili, wa mtu aliyeokota iPhone ya asiyemjua, imezimika kwa kuishiwa chaji, na kava lake halina jina wala namba ya mtu.

Niliichomeka kwenye chaji ikawaka, lakini kwa muda haikuonyesha chochote zaidi ya saa na kufuli. Laini ya mwenyewe iliposhika mtandao ndipo skrini ilipobadilika, yakatokea maelezo kwamba simu hiyo imepotea, ombi fupi la kuirudisha, namba ya kupigia, na kitufe cha kuipiga namba hiyo bila kuifungua simu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwokotaji hapaswi kuichomoa laini. Tangu mwaka 2019 mwenye simu anaweza kuona mahali ilipo hata ikiwa haina intaneti, kwa msaada wa Bluetooth ya vifaa vingine vya Apple vilivyo karibu, lakini ujumbe wake hauwezi kutokea kwenye skrini mpaka simu yenyewe iingie mtandaoni, na simu iliyofungwa haiwezi kuunganishwa na Wi-Fi mpya bila nenosiri la kuifungua.

Nilipiga kwa simu yangu mwenyewe. Aliyepokea alikuwa dada wa mwenye simu, naye kabla hata sijamaliza kujieleza aliniambia kwa adabu, lakini kwa ukavu, kwamba hawatafungua kiungo chochote nitakachowatumia wala kutaja nenosiri la akaunti. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu matapeli wana mtindo wa kumwandikia aliyepoteza iPhone kwamba imepatikana, wakimpeleka kwenye ukurasa bandia ili wapate nenosiri la kuondoa kufuli ambalo, tangu mwaka 2013, huendelea kudai akaunti ya mwenyewe hata simu ikifutwa kila kitu.

Shaka ilikuwa ya pande zote mbili, kwani nami nilikuwa sijui kama ninazungumza na watu wanaohusika kweli. Nikamwomba amwambie kaka yake aingie kwenye akaunti yake na kuiamuru simu itoe mlio. Haikuchukua muda ikaanza kulia mkononi mwangu kwa sauti kubwa, ingawa swichi ya pembeni ilikuwa imewekwa kwenye kimya, na yule dada akausikia mlio huo kupitia simu yangu akacheka. Kwa maoni yangu uthibitisho huu unashinda kuulizana rangi ya kava au picha ya skrini, mambo ambayo yeyote aliyewahi kuiona simu hiyo anaweza kuyataja. Tulipokutana mahali penye watu, mwenyewe aliandika nenosiri la kufungulia simu mbele yangu, na ule ujumbe wa kupotea ukaondoka papo hapo.

Kasoro ninayoiona, na hii ni ya huduma zote za namna hii, zikiwamo za simu za Android, ni kwamba mwokotaji hana la kufanya ikiwa mwenyewe hajaingia kwenye akaunti na kuitangaza simu kuwa imepotea. Kimbilio linalobaki ni sehemu ya dharura kwenye skrini iliyofungwa, ambayo huonyesha namba za jamaa pale tu mwenye simu alipozijaza mapema na kuruhusu zionekane, nao wengi hawajafanya hivyo. Wapo pia wanaoacha ujumbe wa shukrani na baraka tele halafu wakaweka namba ya simu ileile iliyopotea, wakati kilichonifikisha mimi kwa mwenyewe ni ile namba ya dada yake.