Watafuta magari ya zamani: kwenye spea nawapa nyota tano, kwenye bei wamenipiga

Wadau, naona watu wanauliza sana kama hizi huduma za kutafutiwa gari la zamani zinalipa au ni kutupa hela. Mimi nimetumia moja karibu mwaka mzima sasa, jina silitaji maana bado tunadaiana, ila ntaeleza mambo yalivyokwenda ili anayetaka kujaribu ajue anaingia wapi.

Utaratibu wao uko hivi. Unawaambia unataka gari gani, la mwaka gani, liwe katika hali gani, wao wanaingia kazini, wanapekua minada, wanauliza kwa wapenzi wa gari hizo, wanaenda kwa mafundi wazee wenye stoo zimejaa vumbi mpaka dirishani. Gari likipatikana wanachukua asilimia ya bei uliyonunulia. Spea ni habari nyingine, kila kitu kimoja kina ada yake na ada haibadiliki hata hiyo spea iwe ghali vipi. Shikeni hiyo tofauti, mimi nilisaini bila kuitafakari na ndiyo iliyonitafuna.

Nilikuwa nataka Volkswagen Beetle, ile yenyewe, injini nyuma na mgongo kama kobe. Najua kuna mtu ataniambia Beetle siyo gari adimu, na ni kweli, zimetengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, mwaka 2003, kwa hiyo muuzaji akikwambia eti zimebaki chache duniani mcheke. Kilicho adimu ni Beetle ambayo haijachezewa. Gari ina miaka 50 na zaidi, kila fundi kapita nayo na spana yake, injini ya hii, mlango wa ile, siti za sijui wapi, na mwisho wa siku inapigwa rangi nyekundu inang'aa inaitwa orijino.

Miezi minne ikapita kimya, nikajua nimeshaliwa, ghafla wananiambia kuna moja. Tangazo linasema modeli ya 1965, orijino kila kitu, imekaa na mtu mmoja toka mpya. Tukaenda kuiangalia mimi na yule jamaa yao.

Hapa lazima nimpe heshima yake. Mimi nilivyofika nikaanza kufungua na kufunga mlango ili nisikie ule mlio wake, mnaujua wenyewe, nikapiga picha dashibodi, nikakaa kwenye usukani kama mtoto. Yeye wala hakuangalia rangi. Aliingia nyuma akanyanyua siti akaitoa nje, akachovya kitambaa kwenye petroli, akapiga magoti akaanza kusugua ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Uchafu ukawa unatoka mweusi kama lami, alafu namba zikaanza kujitokeza moja moja. 1. 1. 6. Akanigeukia, "Kaka, hii siyo sitini na tano."

Akanieleza pale pale huku anafuta mikono. Kuanzia modeli za 1965 Volkswagen walikuwa wanagonga namba ya chesisi ya tarakimu 9, mbili za mwanzo ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli, kwa hiyo 116 ni Beetle modeli ya 1966 (kufika modeli za 1970 wakaongeza tarakimu moja, maana ile ya mwaka ingeanza kujirudia). Sasa mwaka wa modeli kwao ulikuwa unaanza Agosti ya mwaka uliotangulia. Gari inaweza kutoka kiwandani Oktoba 1965, kadi ikaandikwa 1965, mwenye gari akaamini hivyo maisha yake yote na wala hakudanganyi, ila wewe ukienda kununua spea za 65 zinagoma kufunga. Modeli ya 66 ndiyo iliyoleta injini ya cc 1300, na mguu wa mbele ukahama kutoka kingi pini kwenda boli jointi (hivi ni viungo vinavyoruhusu tairi la mbele kugeuka). Mtu ananunua vitu vya mguu wa mbele seti nzima, vinafika, fundi anavigeuza geuza, anakuuliza hivi ni vya gari gani.

Akahamia nyuma, akamulika tochi chini ya kile kiti cha jenereta, namba ya injini inaanza na D. Mfuniko umebandikwa nembo ya 1300 vizuri kabisa, lakini D ni injini ya 1200, ya 1300 ya wakati ule ilikuwa inaanza na F. Yaani orijino kila kitu isipokuwa moyo. Ukitaka kumaliza ubishi kabisa, Stiftung AutoMuseum Volkswagen kule Wolfsburg wanatoa cheti cha kuzaliwa cha gari kutokana na namba ya chesisi, kinakuonyesha ilitengenezwa lini na ilitoka na rangi gani. Wenye Land Rover, MG, Austin na Morris, na nyie mna British Motor Industry Heritage Trust pale Gaydon, Uingereza, wanatoa cheti cha namna hiyo. Kabla hujalipa hela nyingi kwa neno orijino, hicho cheti ni hela ndogo sana.

Mpaka hapo nilikuwa nimempenda yule jamaa, nikasema huyu ndiye. Nikanunua, tukashusha bei kidogo kwa sababu ya injini, nikaona nimeshinda.

Niseme spea kwanza maana huko hawana mpinzani. Niliwapa orodha, kabureta, lenzi za taa za nyuma, mkono wa wiper, raba za milango, na vikorokoro vya ndani. Kitu cha kwanza walichonifundisha ni kusoma namba ya spea. Namba za Volkswagen za enzi zile tarakimu tatu za mwanzo zinakwambia kitu kilitengenezwa kwa ajili ya gari gani, 111 na 113 ni Beetle za usukani wa kushoto, 112 na 114 usukani wa kulia, 211 ni ile basi yao, 311 ni Type 3, gari yao nyingine ya enzi hizo. Kundi la katikati linaanza na tarakimu ya sehemu ya gari, 1 ni injini, 3 giaboksi, 6 tairi na breki, 8 bodi, 9 umeme. Herufi ya mwishoni ikiwepo inakuonyesha kitu kilifanyiwa marekebisho. Ukishajua hivyo muuzaji hakuyumbishi, mtu anakutumia picha ya wiper anasema ni ya Beetle ya usukani wako, unaomba tu apige picha namba, yamekwisha.

Kabureta ndiyo ilinifurahisha kuliko vyote. Gari yangu ni ya umeme wa volti 6, na kabureta yake ni Solex 30 PICT-1. Sasa hizi kabureta zina choki ya umeme (choki ndiyo inayobana hewa injini ikiwa baridi), kile kiduara cha pembeni chenye waya, kinapata moto taratibu na kufungua choki, na kuna cha volti 6 na cha volti 12. Kwa macho vinafanana. Ukifunga cha 12 kwenye gari ya 6 choki inachelewa kufunguka, gari inakula mafuta na kutoa moshi mweusi, fundi anahangaika na plagi wiki nzima. Boksi lilipofika nikafungua, limefungwa magazeti tabaka tatu, nikatoa kabureta nikaigeuza kwenye mwanga, maandishi 30 PICT-1 yamesimama kwenye bodi yake, na kwenye kile kiduara imegongwa 6V. Nikashika mkono wa kipepeo, kile kibati cha ndani kinachofunguka ukikanyaga mafuta, nikautikisa kulia kushoto, hauchezi. Ile shimo ya shafti ikishalika hewa inapita humo, na gari haitulii kwenye sailensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) hata urekebishe skrubu mpaka kesho, kwa hiyo ukinunua kabureta ya zamani hiyo ndiyo ya kutikisa kabla ya kuangalia usafi. Wao walikuwa wameshaitikisa. Walikuwa wamepata mbili, ya kwanza inang'aa imesafishwa na ya pili chafu, wakachagua chafu kwa sababu hiyo tu.

Na kitu kingine, hawana ile tamaa ya kukuuzia kipya. Nilitaka lenzi mpya wakaniambia hapana, chukua za zamani zilizotolewa kwenye gari, hata kama zina mikwaruzo midogo, za kopi rangi yake imepauka na haikai sawa kwenye fremu. Bahati mbaya kwenye raba za milango hawakunisimamia hivyo hivyo, wakaleta kopi, ngumu kama ubao, mlango sahivi lazima niupige bega ndo ufunge. Ule mlio niliokuwa nausifia umekufa. Ila walirudisha ada yao bila kelele, sina neno.

Haya sasa tuje kwenye bei.

Pamoja na gari waliniandalia ripoti ya thamani, kurasa sita, picha safi, michoro, unaona kabisa hawa watu wamesoma. Waliweka Beetle tano za kulinganisha na wastani wake ndiyo ikawa bei ya haki. Mimi nikakubali kama mjinga. Wiki mbili baada ya kulipa nimekaa usiku usingizi hauji, nikaanza kuzitafuta zile tano moja moja. Zote ni bei za matangazo! Hakuna hata moja iliyouzwa. Mbili bado zipo mpaka leo naandika hapa, zinasubiri mnunuzi kama maharusi walioachwa. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, bei ni ile ambayo mtu ametoa hela akaondoka na gari.

Na hizo za kweli zinapatikana bure. Kwa mfano Bring a Trailer, ule mnada wa mtandaoni wa Marekani, matokeo yake ya nyuma yanabaki wazi, unaona picha, unaona watu walivyokosoa kutu, unaona bei ya mwisho. Angalia tu neno lililoandikwa, kuna gari imeuzwa na kuna gari iliyofika bei fulani ikakwama kwa sababu muuzaji alikuwa na kiwango chake cha chini, hiyo ya pili usiihesabu kama mauzo. Nilipotafuta Beetle za 66 zinazofanana na yangu zilizouzwa kweli, nikakuta nimelipa zaidi kwa karibu theluthi. Theluthi jamani.

Alafu kuna suala la daraja. Hagerty, kampuni ya Marekani ya bima za gari za zamani, wana mwongozo wa bei za gari za zamani na wanazigawa madaraja manne, la 1 ni gari ya kushindanishwa kwenye maonyesho, la 2 nzuri sana, la 3 nzuri inayotembea ina kasoro zake, la 4 inatembea ila kasoro unaziona ukiwa umesimama tu. Kutoka 2 kwenda 4 bei inaporomoka vibaya, ni kama magari mawili tofauti. Ripoti yangu ilisema 2.

Nikakumbuka ile siku ya siti. Betri ya Beetle inakaa chini ya siti ya nyuma upande wa kulia, na asidi yake ndiyo adui wa kwanza wa sakafu ya hilo gari, kila anayejua Beetle anaanzia hapo. Siku ile siti imetolewa kabisa, jamaa kapiga magoti pale pale, na chini ya betri kulikuwa na kipande cha zulia kimekatwa vizuri kimelala. Mimi nililiona lile zulia. Nikadhani ni usafi. Asubuhi nikaenda nikatoa betri, nikavuta zulia, nikagusa na bisibisi, wala sijasukuma, bisibisi ikapita nikaona ardhi. Kwenye ripoti imeandikwa sakafu ni nzima, haina tatizo.

Nikampigia. Nikamwambia, "Bosi wangu, wewe uliisugua chesisi nusu saa, zulia liko mbele ya pua yako, hukulinyanyua?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Kaka, kazi ilikuwa kuhakiki namba." Namba! Mtu anayejua kutikisa shafti ya kabureta hawezi kushindwa kunyanyua zulia. Ila jiulize, kwenye kabureta analipwa ada ile ile iwe nzuri au mbovu, hana sababu ya kunificha kitu. Kwenye gari analipwa asilimia, kila ninavyolipa zaidi naye anapata zaidi, sasa huyo ndiye nimempa kazi ya kuniambia gari ina thamani gani. Kosa langu nalikubali.

Na msifikiri hizi habari za minada mikubwa zinatusaidia. Tangu Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé iuzwe euro milioni 135 mwaka 2022, kila mwenye gari bovu nyuma ya nyumba anakutajia hiyo. Ile walitengeneza mbili tu. Yako walitengeneza milioni 21, mzee, na ina tundu.

Sakafu nimeshabadilisha upande wa kulia, fundi amekata na kuchomelea mpya, injini kuitoa siyo kazi, ni nati na bolti nne tu zinaishikilia kwenye giaboksi, kwa hiyo kilichonimaliza ni bati na wala siyo mashine. Kabureta inafanya kazi kama saa, inatulia kwenye sailensa mpaka unasahau imewashwa.

Juzi wamenitumia ujumbe kwamba wamepata injini yenye F, picha ya namba ipo, inasomeka vizuri. Nimewajibu nendeni mkaitazame, ada ya spea ntalipa, bei ntaitafuta mwenyewe. Akajibu "sawa kaka", na chini yake ameambatanisha ankara ya ripoti ya thamani.