Bima ya safari: kabla ya kulipa, pigia namba yao

Februari iliyopita shangazi yangu aliteleza kwenye barafu huko Hamburg, hatua chache tu kutoka mlangoni kwa binti yake, akavunjika kifundo cha mkono. Bima nilimkatia mimi, kwa wakala mmoja hapa Dar. Hati nzuri, ina mhuri. Binamu yangu akapiga namba ya dharura iliyoandikwa pale chini: 0800 na tarakimu zake. Haiiti. Akarudia, haiiti. Namba za 0800 za kwetu ni za bure ukiwa ndani ya nchi. Ukiwa Ujerumani ni pambo la karatasi. Ikabidi alipe hospitali kwa kadi yake. Tulipodai fidia tukajibiwa kwamba mgonjwa alitibiwa bila kampuni kujulishwa kwanza. Tungewajulisha kwa njiwa?

Kwa hiyo sitawachosha na habari ya euro 30,000. Bima yoyote ya viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi 29 za Ulaya, lazima ifike hapo, ifanye kazi nchi hizo zote kwa siku zote utakazokaa, na igharamie kukurudisha nyumbani, mzima au maiti. Mimi nataka kujua saa nane za usiku nani atapokea simu na kuiambia hospitali kwamba bili ni ya kampuni ya bima.

Ninayoipenda ni AXA Schengen, bima ya kampuni ya AXA, na upendeleo wangu sifichi. Unanunua mtandaoni, hati inaingia kwenye barua pepe muda uleule, namba yao ya msaada inaanza na alama ya kujumlisha, yaani inapigika hata ukiwa nchi nyingine. Niliipiga nikiwa jikoni kwangu, wali unachemka, na mtu akapokea. Viza ikikataliwa unawatumia barua ya ubalozi, wanakurudishia hela. Ila bima yao ya daraja la chini kabisa iacheni, pandeni ngazi moja.

Zinafuata za makampuni makubwa ya hapa nyumbani. Nyingi dharura zake zinashughulikiwa na kampuni nyingine ya nje. Omba namba ya hiyo kampuni, siyo ya ofisi yao ya hapa mjini inayofungwa jioni.

Bima inayokuja na kadi ya benki naiweka ya tatu, kwa sababu mara nyingi haifanyi kazi kama tiketi hukuilipia kwa kadi hiyohiyo. Za bei ya kutupa zinazotembezwa nje ya ofisi za viza, zipite tu.

Na hawa mawakala jamani! Tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza wateja kwa fedha za kigeni hapa nchini, lakini wangu alinitajia bei kwa euro, akafungua kikokotoo cha simu, akageuza kuwa shilingi kwa kiwango anachokijua yeye. Nikamwomba risiti. Akaniambia hati yenyewe ndiyo risiti.