Lenzi pana ya mtumba: ipi uitafute ukiwa Mbeya au Iringa, na uikague vipi

Nyanda za Juu Kusini adui mkubwa wa lenzi iliyotumika si mikwaruzo, ni fangasi. Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, Mbeya mjini unyevu hauishi tangu Novemba hadi Aprili, na lenzi nyingi zinazouzwa mkononi zimelala kabatini ndani ya begi la kitambaa. Kwa hiyo mpangilio ulio hapa chini una sharti moja: lenzi ya kwanza yenye fangasi inashindwa na ya nne iliyo safi.

Anza na kamera uliyonayo. Canon za kawaida za studio, kama 600D, 700D na 70D, zina sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa picha), sawa na Nikon za familia za D3000, D5000 na D7000. Kujua lenzi itaona upana gani ukilinganisha na fulufremu, yaani kamera ya sensa kubwa, Canon zidisha milimita zake kwa 1.6, Nikon kwa 1.5; namba ikiwa ndogo, upana ni mkubwa. Ile 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta ipanuke hadi mwisho, inakupa upana wa kama 29 tu. Ndiyo maana ukipiga chumba cha gesti unaegemea mlango na bado kitanda kinakatika miguu. Lenzi inayoanzia 10 inakupa kama 16, na hapo chumba chote kinaingia.

Kwa mwenye Canon ya sensa ndogo, ya kwanza ni EF-S 10-18mm f/4.5-5.6 IS STM. Ilitoka 2014, ina gramu 240 tu, inafokasi kimya na ina kitulizi cha mtikisiko. Kitako chake, pale inaposhikana na kamera, ni cha plastiki, basi kikague kama kina ufa. Udhaifu wake ni mwanga: namba ya f inapima tundu la lenzi, na ikiwa kubwa mwanga unaoingia ni kidogo. Kitulizi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi anayeserebuka, kwa hiyo ukumbini usiku utahitaji flashi ya nje. Ile ndogo ya juu ya kamera haifiki kwenye kona ukiwa kwenye 10.

Mwenye Nikon atafute AF-P DX 10-20mm f/4.5-5.6G VR ya 2017, lakini asome kwanza jina la kamera yake. Kwenye D90, D3100 na D7000 lenzi hii haifokasi kabisa, hata kwa mkono, kwa sababu pete yake inaendeshwa na umeme wa kamera. Wapo wanaoziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu, na kwa mwenye kamera mpya zaidi huo ni mchongo.

Ya pili kwa wote ni Sigma 10-20mm f/4-5.6 EX DC HSM. Ni ya zamani, 2005, ila mota imo ndani, hivyo inafokasi yenyewe hata kwenye Nikon ndogo. Rangi ya nje ikibanduka usiogope, huo si ugonjwa. Kinachosumbua ni kwamba hazifanani: moja kali kona zote, nyingine upande mmoja umefifia. Usiinunue bila jaribio la ukuta, tutalifikia.

Tokina 11-16mm f/2.8 tunaiweka ya tatu, na kwa mpiga harusi za usiku inaweza kuwa ya kwanza, maana f/2.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/4.5. Ukielekeza kwenye jua au taa kali inatoa madoa ya mwanga, na matawi yaliyo mbele ya anga jeupe yanapata ukingo wa zambarau. Toleo la kwanza la Nikon halina mota ndani. Kwenye familia za D3000 na D5000 utafokasi kwa mkono. Toleo la pili linayo.

Canon EF-S 10-22mm ya 2004 ni nzuri, ila haina kitulizi na wauzaji bado wanaidai bei kubwa. Ichukue ikishuka hadi karibu na ya 10-18, vinginevyo iache. Wenye fulufremu, 5D au 6D, wasiguse EF-S yoyote, ni lenzi za sensa ndogo: haiingii. Wao watafute EF 17-40mm f/4L. Muuzaji atasema haiingizi maji. Ni kweli pale tu unapofunga filta ya 77 mbele.

Vile vioo vya kuongeza upana vinavyofungwa mbele ya 18-55, vya kipenyo cha 58, achana navyo. Kona zinakuwa uji.

Sasa ukaguzi. Toa vifuniko vyote viwili, ingia sehemu yenye giza kidogo, washa tochi ya simu uimulike kutoka nyuma, wewe utazame kwa mbele ukiinamisha lenzi taratibu. Lenzi za Canon tundu hubaki wazi. Ya Nikon sukuma kile kikono kidogo cha kitakoni ili lifunguke. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama za buibui, hasa zinazoanzia pembeni mwa kioo, ni fangasi. Fundi anaweza kuifuta, lakini ikishakula rangi ya juu ya kioo alama zinabaki. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa nao unaua picha unapopiga kuelekea mwanga.

Kisha ifunge kwenye kamera. Pete ya fokasi ya lenzi ya STM, kama ile 10-18, ukiizungusha kamera imezimwa haifanyi kitu, usidhani imekufa. Piga kwenye f ya chini kabisa, f/8 na f/16, ncha zote mbili za kuvuta. Canon ikikuandikia Err 01, futa vigusio vya dhahabu kwa kitambaa kikavu urudie; ikirudi, huenda utepe wa umeme wa ndani umekatika.

Jaribio la ukuta ni rahisi huku kwetu, nyumba za tofali za kuchoma zimejaa kuanzia Uyole hadi Mafinga. Simamisha stendi, kamera ielekee ukuta moja kwa moja, f/5.6, kisha kuza picha na ulinganishe kona nne. Zote zikififia sawasawa ni kawaida. Moja ikififia peke yake, vioo vimekaa upande, huenda ilianguka. Angalia pia skrubu za kitakoni: zikiwa na makovu ya bisibisi, ilishafunguliwa.

Kama lenzi iko Kariakoo na wewe uko Makambako, omba video ya tochi na picha ya ukuta, tena itumwe WhatsApp kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha inabanwa na kona zote zitaonekana mbovu. Lipa baada ya kuona hivyo viwili. Mwambie avute lenzi hadi ifupike, aweke vifuniko vyote, aizungushie sponji kabla ya kuikabidhi kwa basi. Ukiipokea ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, si kwenye begi, na vipakiti uvibadilishe vikishanyonya maji.