Shelfu za plaiwudi zilizopigiwa hesabu kwanza: uzoefu wangu

Nina duka la vifaa vya shule hapa Chang'ombe, Dodoma. Mwaka jana nilitengenezewa shelfu za chipbodi ya milimita 18, kila moja sentimita 120 bila nguzo ya kati. Nikapanga rimu 15 kwenye kila shelfu, na rimu moja ya A4 ni kama kilo 2.5. Miezi miwili haikuisha, zikawa zimebonyea kama kitanda cha kamba. Nilivuta uzi toka ncha hadi ncha nikapima katikati: milimita 30. Iliniuma sana.

Safari hii nikaenda kwa fundi kijana wa Kizota anayepiga hesabu kwenye kompyuta kabla ya kushika msumeno. Anaingiza unene wa bodi, upana wa nafasi kati ya nguzo na mzigo. Programu inamwambia shelfu itabonyea kiasi gani. Mimi nilikuja nikitaka bodi nene. Akanionyesha kwamba kutoka milimita 18 kwenda 25 kunapunguza kubonyea karibu mara 2.7, lakini kusogeza nguzo toka sentimita 120 hadi 80, rimu zikiwa zimepangwa vilevile, kunapunguza mara 5. Nikalipia nguzo.

Kilichonifungua macho zaidi ni plaiwudi yenyewe, hii ya paini ya Mafinga. Ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa zikikatizana, na idadi yake kwa kawaida ni witiri. Programu inahesabu kila tabaka peke yake. Zile ambazo nyuzi zake zinafuata urefu wa shelfu ndizo zinazobeba, zinazokatiza husaidia kidogo tu, na za nje hufanya kazi kubwa kuliko za ndani kwa sababu ziko mbali na katikati ya bodi. Kumbe bodi ileile ukiikata kinyume cha nyuzi za uso inalegea! Nimewaona mafundi wakikata upande wowote ili kupunguza mabaki, na mteja hajui.

Kwa shelfu zangu mpya za plaiwudi, programu ilisema zitabonyea milimita 1 na kidogo. Baada ya miezi minne uzi wangu unasoma 2. Fundi anasema hesabu yake ni ya siku ya kwanza, wakati mbao ikikaa na mzigo huendelea kulegea taratibu. Hilo angeniambia kabla sijalipa. Hata hivyo shelfu zimenyooka, milango ya vioo inateleza bila kukwama.

Wiki ijayo anakuja kupima stoo. Nimemwomba achore mshale wa nyuzi kwenye kila kipande kabla hajakata.